Gitaa Lililokukaa

Fundi alinipa gitaa, akanisogezea kigoda, akaniacha nilipakate. Hakuniuliza kama nimelipenda wala kama bei yake naiweza. Alisubiri niuvushe mkanda begani, akarudi nyuma hatua mbili kama fundi cherehani anayetazama mshono kwa mbali, akasema: "Haya mzee, limekukaa?"

Sikumjibu upesi. Neno hilo ndilo nililokuwa nimelitafuta jioni nzima iliyotangulia nikalikosa, na sasa napewa bure dukani Kariakoo, katikati ya honi na kelele za wasukuma mikokoteni.

Habari yenyewe ni hii. Mpwa wangu amejibana miezi mingi akitafuta fedha ya gitaa lake la kwanza la umeme. Alipofikisha laki nne na nusu, dada yangu akaniomba nifuatane naye dukani, kwa kuwa ujanani nilipiga gitaa la kwaya na mkono haujasahau kila kitu. Kijana akaja kwangu na daftari. Alikuwa ameorodhesha mambo ya kukagua, yote kwa Kiingereza kama alivyoyasoma, na kwa kuwa anajua kazi yangu ni kutafsiri, akaniomba nimwandikie Kiswahili chake pembeni. "Mjomba, nataka nikifika pale niongee na fundi tuelewane," akasema. Nikashika kalamu, na jambo la kwanza tu likanikwamisha: gitaa lisilokuchosha, lisilokubana, lisilokuumiza unapolipiga, sifa yake hiyo inaitwaje?

Starehe? Starehe ni ya aliyeketi. Watu wakitaka kuinuka kukupisha unawaambia "starehe, starehe", yaani kaeni kama mlivyo, msijisumbue. Mpiga gitaa yuko kazini, hajaketi kupunga upepo. Raha ni ya moyo. Faraja tunaipeleka msibani. Wepesi ni habari ya mzani, na gitaa jepesi laweza kuwa na kingo za kukata mbavu. Nikaandika "starehe" kwa penseli, nikatia alama ya kuuliza.

Fundi hakuhangaika na nomino. Alichukua kitenzi tunachokitumia kila Sikukuu: kanzu imemkaa, koti halijamkaa, hicho kitambaa kimekukaa kweli shoga. Tazameni sarufi yake. Kinachokaa ni kile kitu, na wewe ndiye unayekaliwa. Ukaguzi wote unaanzia kwenye kitendo cha nguo, wala haujali jina kubwa la aliyeishona. Kwa maneno hayo gitaa la bei ndogo na la bei kubwa yanasimama mstari mmoja mbele ya kioo.

Basi nikalikagua kwa kitenzi hicho. Nilisimama, nikaachia mikono yote miwili. Yako magitaa ambayo ukiyaachia hivyo kichwa kinashuka kuelekea sakafuni, na tangu hapo mkono wa kushoto unageuka mchukuzi: nusu ya nguvu zake inashikilia shingo isianguke, nusu iliyobaki ndiyo inayotafuta sauti. Hili halikushuka. Shingo ilibaki juu kidogo ya usawa wa kiuno. Mgongo wa gitaa, mahali panapogusa mbavu, ulikuwa umechongwa ukaingia ndani kama kiganja kilichokunjwa kidogo, na sehemu ya mbele inapolala kigasha ilikuwa imeteremshwa ukingo. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena. Limenikaa.

Mchongo huo una historia. Umbo lile ni la Stratocaster, gitaa lililoanza kuuzwa mwaka 1954 kutoka Fullerton, California. Aliyekuwa na kampuni iliyolitengeneza, Leo Fender, alikuwa fundi redio na hakujua kupiga gitaa. Alichojua ni kuwasikiliza waliopiga. Gitaa lake la kabla ya hapo, Telecaster, lilikuwa ubao wenye kingo za mraba, na wapigaji wakamlalamikia kwamba zinawachoma mbavuni na kuwakata kigasha wakipiga usiku kucha. Akaagiza mbao zichongwe. Kiswahili kina jina moja la heshima kwa mshona koti, mtengeneza redio na mtengeneza gitaa: wote ni fundi. Na mwanamuziki wa pwani ya Kenya anayetajwa miongoni mwa wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme Afrika Mashariki, Konde, jina lake la kwanza lilikuwa hilo hilo, Fundi.

Kabla sijaendelea na shingo, nisimame kwenye neno la bei. Mpwa wangu alisema gitaa "rahisi". Kibandiko kilichoning'inizwa pale dukani kilisema "bei nafuu". Sisi wa mjini tunayatumia maneno haya kana kwamba ni mamoja, na mimi nadhani tunapoteza kitu. Rahisi ni kinyume cha kigumu na pia kinyume cha ghali. Kitu rahisi hakikukusumbua, wala fundi wake pengine hakukisumbukia. Nafuu ni neno la wagonjwa. Homa ikishuka tunasema mgonjwa amepata nafuu: hajapona, lakini ameweza kukaa kitandani na kuomba uji. Asili yake ni Kiarabu, na kule linahusu manufaa. Gitaa la bei nafuu, kwa haki ya neno lenyewe, ni lile linalompunguzia mtu mzigo na kumfaa papo hapo. La rahisi laweza kumwongezea mzigo.

Na nafuu hii si ndogo kwa mwenye kumbukumbu. Kwa miongo mingi mpiga gitaa wa dansi Tanzania hakuwa na gitaa lake. Alikuwa na mkono, na bendi ilikuwa na vyombo. Vyombo! Neno linalobeba sufuria, jahazi na ala za muziki kwa pamoja. Vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, kama vile NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964, au vya shirika, kama vile DDC Mlimani Park iliyozaliwa mwaka 1978, au vya tajiri aliyejulikana kwa cheo kimoja tu: mwenye vyombo. Mwanamuziki akihama bendi alihama na vidole vyake, gitaa likabaki. Kijana wa kidato anayenunua gitaa kwa akiba yake mwenyewe angeshangaza wengi miaka hiyo.

Sasa shingo. Neno hili lipo na halina mgogoro: gitaa lina kichwa, lina shingo, lina kiwiliwili. La zamani la kwaya lina tumbo pia, maana ndani ni tupu. La umeme halina tumbo, ni ubao mtupu. Ila juu ya shingo, pale vidole vinapofanyia kazi, tunapungukiwa. Kuna vyuma vyembamba vilivyopandwa kukingama ubao, 21 au 22, na ukibana uzi nyuma ya kimojawapo uzi unafupika na sauti inapanda. Vijana wanaviita freti. Sisi zamani tuliviita "vyuma" tu, "chuma cha tatu", "chuma cha tano", na tulielewana. Lakini gitaa la umeme lina vyuma vingi: nyuzi ni chuma, vigingi vya kukazia ni chuma, kilalio cha nyuzi ni chuma. "Chuma" hakitoshi tena.

Neno ninalolipendekeza nililiona nikiwa na lile gitaa mapajani, nikilitazama kutoka upande wa kichwa kuelekea kwenye kiwiliwili, jicho usawa wa nyuzi, kama fundi seremala anavyotazama ubao kama umenyooka. Nyuzi sita zilikwenda mbali zikiwa sambamba, na chini yake vyuma vimelala vikizikingama, kimoja baada ya kimoja. Hii ni reli. Na chini ya reli huwa na nini? Mataruma.

Taruma ni neno la wenyewe, la zamani. Waunda majahazi waliliita taruma lile gongo lililopindwa linalofanya ubavu wa chombo ndani ya mbao. Lilipokuja gari moshi, watu wakaona vipande vinavyolala chini ya reli vikizishika zisitawanyike, wakavipa jina hilo hilo. Leo reli mpya inajengwa kwa mataruma ya zege na hakuna anayeuliza neno limetoka wapi. Limeshatoka baharini likapanda treni. Sioni kwa nini lishindwe kupanda gitaa. Kazi yake inafanana kote: kukingama, kupangana kwa hesabu, kubeba mzigo unaopita juu.

Tofauti moja ipo, na inanipendeza kuliko hata kufanana kwenyewe. Mataruma ya reli yamepangwa kwa nafasi sawa. Ya gitaa hukaribiana kadiri unavyopanda. Kwenye gitaa la umbo hili uzi una urefu wa milimita 648 kutoka kichwani hadi kilalioni. Nafasi kabla ya taruma la kwanza ni kama milimita 36, na ile ya kati ya taruma la 21 na la 22 ni kama milimita 11 tu. Taruma la 12 linaukata uzi katikati barabara, ndiyo maana hapo unapata sauti ile ile ya mwanzo ikiwa juu zaidi. Sasa simama kwenye reli yoyote iliyonyooka utazame mbele. Mataruma ya karibu yameachana, ya mbali yanasogeleana mpaka yanagusana machoni. Gitaa limeichonga kwenye mti picha ambayo jicho linaiona relini.

Nilipitisha kiganja kwenye ukingo wa shingo kutoka juu hadi chini, na hapo ndipo bei ilipojitambulisha. Ncha za mataruma kadhaa zilikuwa kali, zikikwaruza ngozi kama ukingo wa kopo lililofunguliwa vibaya. Mbao zilikuwa safi, rangi safi. Kilichopunguzwa ni dakika za mtu mwenye tupa. Kwenye magitaa ya bei hii mara nyingi ndivyo ilivyo. Fundi alikubali bila ubishi. "Hizo nazipiga tupa hapa hapa," akasema, akaifuata droo.

Umeme sasa. Tunasema "gitaa la umeme" bila kukumbuka kwamba umeme kwanza ni ule wa mawinguni. Mpwa wangu alikuwa ameandika pikapu, na fundi naye alisema pikapu, na kwa nusu dakika mimi niliona magari mawili ya mizigo yamepaki chini ya nyuzi. Neno limeshakaa midomoni na silipigi vita. Ila kijana alitaka kujua Kiswahili chake, na jina la kwanza lililonijia, kinasa sauti, lingemdanganya. Kifaa kile hakinasi sauti. Nilimwambia akiinamie aongee. Akaongea, spika ikakaa kimya. Fundi akachukua bisibisi, akakigusa kidogo kwa ncha yake: spika ikapiga "tok!" kubwa. Ndani mna sumaku, na kuizunguka sumaku mna waya wa shaba mwembamba kama unywele, umezungushwa mara elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unaisumbua sumaku, na waya unazaa mkondo mdogo wa umeme. Ni kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831, karne nzima kabla ya mtu kuifunga kwenye gitaa. Funga nyuzi za nailoni hapo, hutasikia kitu. Kwa hiyo kinachonaswa ni mtikisiko, na mimi nitaandika kinasa mtikisiko, au kwa mkato kinasa, na atakayesema pikapu nitamwelewa vilevile.

Vilikuwa vitatu, na swichi yenye vituo vitano. Zamani swichi za Stratocaster zilikuwa na vituo vitatu tu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiizuia katikati ya viwili, vinasa viwili vinalia pamoja na kutoa sauti isiyofanana na yoyote, wakawa wanaikwamisha kwa makusudi, mpaka mwaka 1977 kiwanda kikaitengenezea vituo vyake. Sauti hiyo ndiyo niliyoitaka kwanza. Nikapiga.

Kwenye daftari kijana alikuwa ameandika toni, na pembeni mimi nikaandika sauti, nikijua haitoshi. Sauti kwetu ni ya mtu, ya redio, ya mlango, ya noti ya juu na ya chini. Lakini hatuulizi "sauti ya gitaa hili ikoje?" tukiwa tunalisikiliza kweli. Tunauliza, "linaliaje?" Gitaa hulia. Kengele hulia, ndege hulia, mtoto hulia, na kitenzi ni kimoja, hakibagui furaha na uchungu. Nomino yake ni mlio, na mlio una hulka. Nikimwambia fundi mlio wake mwembamba, ananielewa. Mnene, mkavu, mkali, laini, wa kifuani, wa puani: yote hayo tunayo tayari kwa sababu tumeyasema kwa karne nyingi juu ya waimbaji.

Kinasa cha karibu na shingo kilikuwa na mlio wa kifuani, mnene, kama mzee anayesoma dua taratibu. Cha karibu na kilalio kilikuwa kikali, kikavu kuliko ninavyopenda, na juu kabisa kilichoma sikio. Na ile sauti ya katikati? Wanafonetiki wa Kiswahili wanazo konsonanti wanazoziita ving'ong'o, m na n na ng' na wenzake, zinazotamkwa huku hewa ikipitia puani. Mtu aseme "ng'ambo", "ng'oa", "ng'ara", asikilize pale mwanzoni. Ndiyo yenyewe. Mlio wa king'ong'o, wenye uwazi kidogo katikati na mng'aro juu. Nilimwambia mpwa wangu aandike hivyo, naye akaandika kwa herufi kubwa.

Halafu kuna muda ambao noti inaishi baada ya kupigwa. "Kudumu" nalikubali, lakini msikilizaji wa mwimbaji angesema pumzi. Nilibana taruma la saba, nikapiga mara moja nikaacha, nikahesabu kimoyomoyo. Mlio ulifika saba kabla haujaanza kukata. Gitaa lina pumzi nzuri. Kwa fedha ile, pumzi nzuri sana.

Nilipopanda juu zaidi, taruma la 14 kwenye uzi mwembamba, lilitokea jambo jingine. Mlio ulizibwa na mtetemo mchafu, uzi ukigonga chuma kilichofuata. Nilikuwa nikitafuta jinsi ya kulieleza, fundi akanitangulia bila kuinua kichwa kutoka kwenye tupa yake: "Hapo linakoroma. Nyuzi ziko chini upande huo." Linakoroma! Yeyote aliyelala chumba kimoja na mkoromaji anajua sauti ile kabla hajaisikia kwenye gitaa, na anajua pia inatokana na njia iliyobanwa. Akachukua kijispana cha umbo la herufi L, akazungusha skrubu ndogo kwenye kilalio nusu duara, akaniambia nijaribu. Bado. Robo tena. Ukoromaji ukapungua ukabaki kama wa mtu aliyegeukia ubavu.

Kuna kitenzi kimoja sikukigusa, na wasomaji wa kurasa za burudani watanidai. Magazeti yetu hayasemi mtu "anapiga" gitaa kama analijua kweli. Husema anacharaza, au analikung'uta. Kucharaza ni kuchapa kwa fimbo, na pia ni kufanya jambo kwa ustadi na kasi. Kukung'uta ni kutoa vumbi kwenye mkeka. Vitenzi hivi vilikua na dansi lenyewe, enzi Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, akiwa na solo yake Morogoro Jazz, na vinaeleza vizuri pale wimbo unapoingia kwenye chemko na gitaa likachukua uongozi. Lakini kwenye bendi ile ile yuko mpiga ridhimu, anayekaa mahali pamoja wimbo mzima akishona, na Wakongo wakaongeza kati ya solo na ridhimu gitaa la mi-solo, nusu solo, linalofuma nyuzi za wenzake. Huyo hacharazi. Kwa kazi yake mimi ningechukua kutoka kwa mshonaji na msusi: anafuma, anasuka, anadariza. Nilimpa mpwa wangu gitaa na kumwomba asicharaze kwanza. Apige ridhimu, chodi mbili tu, kwa dakika tano, kwa sababu gitaa lisilokukaa litajificha wakati unacharaza na litajifichua wakati unasuka.

Alipiga kwa aibu, bega limepanda mpaka sikioni. Dakika ya tatu bega likashuka lenyewe. Dakika ya nne muuza viatu wa kibanda cha jirani akasimama mlangoni, akatikisa kichwa kwa mdundo, akarudi kwa wateja wake. Fundi alinitazama mimi, nami nikamtazama kijana. Hakuna aliyesema neno. Tukalipa.

Siku ya tatu yake alinipigia simu usiku. Vidole vya kushoto vina alama za nyuzi, akasema, na mama yake amechoka kusikia chodi zile zile. Kisha akaja kwenye alilopigia. "Mjomba, nimelikagua tena vizuri. Mataruma ya chini yote safi. La kumi na nne bado linakoroma kidogo, nimrudishie fundi au nizungushe mwenyewe ile skrubu?"